Ufinyu wa Chombo na Upana wa Maana: Albamu za Roki katika Sauti za Michezo ya Video, kwa Mtazamo wa Isimu



1.0 Utangulizi

Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu wa hadhara. Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza baadhi yenu. Kwa desturi, mihadhara ya namna hii hushughulikia ngeli za nomino, lahaja, historia ya msamiati au ushairi wa pwani. Leo nitazungumzia muziki wa roki wa Uingereza na Marekani, pamoja na mashine za kuchezea watoto zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1980. Naomba subira yenu. Njia hiyo ndefu itaturudisha nyumbani, kwenye swali ambalo limetusumbua wanaisimu wa Kiswahili kwa miongo mingi: je, chombo chenye nyenzo chache kinaweza kubeba maana iliyozaliwa katika chombo chenye nyenzo nyingi?

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wamejitokeza wanamuziki wanaochukua albamu nzima iliyokwisha kupata umaarufu, wakaiunda upya, noti kwa noti, kwa kutumia sauti za mashine za zamani za michezo ya video. Hawaimbi wala hawapigi gitaa. Wanachofanya ni kuandika maagizo kwa chipu ya kompyuta, nayo chipu hulia. Wasikilizaji wengi huichukulia kazi hii kuwa mzaha. Mimi naiona kuwa jaribio la kitafsiri lililofanywa katika mazingira safi kuliko yale tunayoyapata katika lugha, kwa sababu mipaka ya chombo pokezi inajulikana kwa hesabu kamili.

Hoja yangu ya msingi ni kwamba kazi inapohamishiwa katika chombo finyu, mambo matatu hutokea. Kwanza, muundo wa kazi huvuka, na mara nyingi huonekana wazi zaidi kuliko ulivyoonekana kule ulikotoka. Pili, yako mambo yanayovuka kwa uamuzi wa mtu, si kwa kanuni peke yake. Tatu, yako yasiyovuka, na hayo hutufundisha kazi asilia ilikuwa imebeba nini. Nitayachambua moja baada ya jingine, kisha nitayahusisha na Kiswahili.

2.0 Chombo chenyewe

Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa nchini Japani mashine ya michezo iliyoitwa Famicom. Mwaka 1985 mashine hiyo ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la NES. Kichakataji chake kilishughulikia tarakimu 8 za mfumo wa namba mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu mashine za kizazi hicho huitwa mashine za biti 8.

Chipu ya mashine hiyo ilikuwa na mikondo 5 tu ya sauti. Mikondo miwili ya kwanza hutoa wimbi mraba, sauti kali yenye ncha, ambayo sikio la pwani litaifananisha kwa mbali na zumari. Mtunzi anaweza kuchagua maumbo manne ya wimbi hilo, na ukubwa wa sauti una ngazi 16, ukimya ukiwamo. Mkondo wa tatu hutoa wimbi pembetatu, ambalo ni laini zaidi na kwa kawaida hupewa kazi ya besi. Ukubwa wa sauti ya mkondo huu haurekebishwi: ama unalia, ama umenyamaza. Mkondo wa nne hutoa mvumo usio na noti maalumu, kama wa mvua juu ya bati, nao hutumika kuigiza ngoma. Mkondo wa tano unaweza kucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa, lakini kwa ubora hafifu na kwa gharama kubwa ya kumbukumbu ya mashine. Kwa hiyo watunzi wa michezo waliutumia kwa uchoyo.

Ndani ya mipaka hiyo, Koji Kondo alitunga muziki wa mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, na melodia zake zikajulikana na watoto wa mabara yote. Ni dhahiri kwamba uchache wa mikondo haukuwazuia watunzi wa wakati ule kufanya kazi ya maana. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Inavutia kwamba chipu ina mikondo 5 na Kiswahili kina irabu 5. Hiyo ni sadfa tu, na sitaijengea nadharia. Hata hivyo, ulinganisho mmoja ni halali. Chipu hiyo na mfumo wetu wa sauti ni mifumo yenye orodha fupi iliyofungwa. Chochote kinachotoka nje na kutaka kuingia, lazima kiingie kwa masharti ya orodha hiyo.

3.0 Albamu na matoleo yake mapya

Mfano wangu mkuu ni albamu ya kundi la Pink Floyd la Uingereza, The Dark Side of the Moon, iliyotoka Machi 1973. Ilirekodiwa katika studio za Abbey Road, London, kwa mashine zenye njia 16 za kurekodia, na fundi wa sauti akiwa Alan Parsons. Ina vipande 10 vinavyopokezana kwa muda wa takriban dakika 43. Ndani yake mna magitaa, vinanda, saksafoni, sinthesaiza, mapigo ya moyo, saa za ukutani zinazolia kwa pamoja, mlio wa sarafu na mashine ya fedha ya dukani, pamoja na sauti za watu wakizungumza. Katika orodha ya albamu zinazouzwa sana Marekani, albamu hiyo ilikaa kwa zaidi ya wiki 700 kati ya mwaka 1973 na 1988. Kwa ufupi, hiki ni chombo kipana kwelikweli. Waliokiunda walitumia kila nyenzo ambayo studio bora ya wakati wao iliweza kuwapa.

Mwaka 2010 Brad Smith alitoa kazi aliyoiita Moon8. Ni albamu ileile, kuanzia mwanzo hadi mwisho, iliyoundwa upya kwa kufuata mipaka ya chipu ya NES niliyoieleza. Hakuwa peke yake katika fani hii. Mwaka 2009 wanamuziki mbalimbali wa chipu walitoa mkusanyiko wa nyimbo za kundi la roki la Marekani, Weezer, ulioitwa Weezer: The 8-bit Album. Mwaka huohuo Andy Baio wa Marekani alisimamia kazi iliyoitwa Kind of Bloop, ambayo iliunda upya albamu ya Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue. Hiyo ya mwisho ni ya jazi, si roki, lakini nitairejea kwa sababu ina funzo kuhusu haki za wenye kazi.

4.0 Kinachovuka: muundo

Tuanze na wimbo wa Money katika albamu ya Pink Floyd. Sehemu kubwa ya wimbo huo ina mapigo 7 katika kila kipimo, badala ya 4 yaliyozoeleka katika roki. Msikilizaji wa toleo asilia huenda asiitambue hesabu hiyo, kwa kuwa masikio yake yametekwa na mlio wa sarafu, gitaa na saksafoni. Ondoa vyote hivyo, umwachie wimbi pembetatu likipiga besi na mvumo ukipiga ngoma, na yale mapigo 7 yatabaki peke yake, mifupa mitupu isiyo na nyama. Muundo umevuka bila kupungua, na sasa unahesabika kwa vidole.

Kipande cha On the Run nacho kina funzo lake. Kilijengwa juu ya mfuatano wa noti 8 ulioingizwa katika sinthesaiza, kisha ukaendeshwa kwa kasi kubwa. Tangu kuzaliwa kwake kilikuwa sauti ya mashine. Kinapoingia katika chipu ni kama neno la Kizigua linapoingia katika Kiswahili: kinawakuta ndugu zake, na hakuna anayemuuliza mgeni hati ya kusafiria.

Wanafunzi wa fonolojia wanalifahamu jambo hili. Nikolai Trubetzkoy na wenzake wa Prague, katika miaka ya 1930, walitufundisha kutenganisha tofauti za sauti zinazobadili maana na zile zisizobadili. Neno *baba* litamkwe na mtoto, na mzee mwenye mafua, au na mtu anayenong'ona msibani. Mawimbi ya hewa yatatofautiana sana, lakini neno ni lilelile, kwa sababu kinachobeba neno ni uhusiano wa fonimu ndani ya mfumo. Muziki wa chipu unatupatia ushahidi wa namna hiyohiyo. Msikilizaji anayeifahamu albamu ya mwaka 1973 huitambua ndani ya sekunde chache, ingawa hakuna hata sauti moja katika toleo jipya inayofanana na sauti ya toleo la kwanza. Anachokitambua ni uhusiano: noti hii iko juu ya ile kwa kiasi hiki, pigo hili linatangulia lile kwa muda huu.

Kwa hiyo ufinyu wa chombo ni aina ya darubini. Mtu anayetaka kujua sehemu ipi ya kazi ni muundo na sehemu ipi ni rangi, aipitishe katika tundu dogo.

5.0 Kinachovuka kwa uamuzi: suala la utohozi

Wapo wanaodhani kwamba kazi hii hufanywa na kompyuta yenyewe, na kwamba mtu hubonyeza kitufe tu. Dhana hiyo inafanana na ile ya kwamba neno la kigeni likiingia katika Kiswahili hujigeuza lenyewe kwa kanuni. Dhana zote mbili zina ukweli nusu.

Chukueni mfano wa noti tatu zinazopaswa kupigwa pamoja, kama wapigavyo kinanda. Chipu haiwezi kuzitoa kwa mkondo mmoja, na mikondo mingine ina kazi zake. Mtunzi wa chipu hufanyaje? Huzitandaza katika wakati. Huipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha huanza tena, kwa kasi inayoweza kufikia mabadiliko 60 hivi kwa sekunde, hadi sikio lizisikie kama kitu kimoja kinachometameta. Mlio huo wa kumetameta ni alama ya muziki wa chipu.

Sasa litazameni neno *burashi*. Katika Kiingereza, konsonanti mbili za mwanzo wa neno hilo hutamkwa zimeshikana, na neno zima ni silabi moja. Kiswahili hakikuupenda mshikamano huo. Kilichukua zile sauti na kuzitandaza katika wakati: bu-ra-shi. Hakuna konsonanti iliyotupwa. Zilizobanwa pamoja zimepangwa foleni, na irabu zimewekwa katikati na mwishoni ili kila moja ipate pa kukaa. Mtunzi wa chipu na msemaji wa Kiswahili wamekutana na tatizo moja, nao wameliponya kwa dawa moja: kisichoweza kutendeka kwa pamoja, kitendeke kwa kufuatana.

Hiyo ndiyo sehemu ya kanuni. Lakini tazameni maneno *shati* na *nesi*. Maneno ya Kiingereza yaliyotupatia haya mawili yana irabu moja ileile, ambayo haimo katika orodha yetu ya 5. Katika neno la kwanza tumeipokea kuwa *a*, katika la pili tumeipokea kuwa *e*. Kanuni isingetoa majibu mawili kwa swali moja. Palikuwa na watu waliosikia, wakachagua, na jamii ikakubali. Vivyo hivyo, *kitabu* kilipotoka katika Kiarabu kilikuta kiambishi *ki-* kikiwa na kazi tayari, kikapewa wingi wa *vitabu* ambao Mwarabu hakuutarajia. Neno *kipilefti* la barabarani limepata *vipilefti* kwa njia hiyohiyo, na *madigadi* ya gari yamezaa *digadi* moja. Lugha pokezi haikujikunja tu ili imsitiri mgeni. Ilimpa uraia, na uraia una wajibu wake.

Mtunzi wa chipu naye hukutana na uamuzi wa namna hii kila dakika. Gitaa linapolia na kinanda kinaposindikiza na muimbaji anapoingia, mikondo ya wimbi mraba ni miwili tu. Nani anyamaze? Mwangwi wa studio haupo. Je, auache, au autumie mkondo wa pili kuurudia mstari wa kwanza kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti ya chini, ili sikio lidanganyike? Majibu hutofautiana baina ya watunzi. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Ipo pia njia ya tatu, ya kutoamua. Mwaka 1983 kampuni ya Bally Midway ilitoa mashine ya michezo ya kumbi za burudani iliyohusu kundi la roki la Journey. Nyimbo kadhaa za kundi hilo zilitoholewa kwa sauti za chipu. Kwa wimbo mmoja, hata hivyo, watengenezaji waliweka ndani ya kabati la mashine kinasa sauti chenye kaseti, na wakati wake ulipofika kaseti hiyo ilicheza rekodi halisi ya bendi. Sina haja ya kuwaeleza wasikilizaji wa hapa hali hii inafanana na nini. Ni yule msemaji anayeanza sentensi kwa Kiswahili, akifika kwenye jambo zito anaweka kaseti ya Kiingereza. Kaseti ile ililia vizuri. Lakini haikuithibitisha chipu wala kuifundisha kitu, na mchezaji alipotoka pale hakujua kama chipu ingeweza au isingeweza.

6.0 Kisichovuka: sauti ya Clare Torry

Nimefika mahali pagumu zaidi pa mhadhara huu. Upande wa kwanza wa albamu ya Pink Floyd unamalizika kwa kipande kiitwacho The Great Gig in the Sky. Muziki wake wa kinanda ulitungwa na Richard Wright. Januari 1973 aliitwa studioni muimbaji Clare Torry. Hakupewa maneno wala melodia ya kuimba. Aliimba kwa irabu tupu, akipanda, akishuka, akilia, akinong'ona, kisha akalipwa pauni 30 na kwenda zake.

Mtu angetarajia kipande hiki kiwe chepesi kuliko vyote kuhamishia katika chipu, maana hakina maneno ya kupoteza. Kinyume chake ndicho sahihi. Nyimbo zenye maneno huvumilia chipu vizuri: maneno yanapotea, lakini melodia inasimama, na msikilizaji anayeyajua huyajaza mwenyewe moyoni. Sauti ya Torry haina kitu cha kujazwa. Wimbi mraba linaweza kufuata njia ya noti zake. Linaweza kuteleza kutoka noti hadi noti na kutetemeka, na ngazi zake 16 zinaweza kupanda na kushuka. Lakini tofauti ya *a* na *o*, kama tujuavyo katika fonetiki, hutokana na umbo la kinywa na koo linalokuza baadhi ya masafa ya sauti na kufifisha mengine. Wimbi mraba halina kinywa. Halina pumzi inayokaribia kwisha. Haliwezi kukwaruza.

Kwa lugha ya isimu, kilichobebwa na sauti ile hakikuwamo katika fonimu. Kilikuwamo katika kiimbo, katika kani ya pumzi, katika ubora wa irabu unaobadilika polepole, mambo ambayo vitabu vyetu vya sarufi huyaweka pembeni na kuyaita nyongeza. Hapa nyongeza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mtunzi wa chipu, hata awe hodari namna gani, anabaki na ramani ya safari bila msafiri.

Hasara hiyo inatufundisha jambo ambalo mahakama nusura ilitamke. Mwaka 2004 Torry aliwafungulia mashtaka kundi hilo na kampuni ya EMI, akidai kwamba alichokifanya studioni kilikuwa utunzi, si uimbaji wa kukodiwa tu. Mwaka 2005 walipatana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake limeandikwa kando ya jina la Wright kama mtunzi mwenza. Kwa miaka zaidi ya 30 sehemu yake ilikuwa imehesabiwa kuwa rangi iliyopakwa juu ya muundo wa mtu mwingine. Mwenye kuisikiliza kazi hiyo katika sauti ya chipu atajionea mwenyewe kwamba muundo wa kinanda umebaki, na bado kitu kikubwa hakipo. Kile kisichopo ni fungu la Torry.

7.0 Deni la mwenye kuunda upya

Suala la Torry linatupeleka kwenye suala la deni. Andy Baio, aliposimamia Kind of Bloop, alilipia leseni za tungo zote zilizorudiwa. Kwa jalada, picha ya Miles Davis iliyopigwa na mpigapicha Jay Maisel ilichorwa upya kwa vimraba vichache vya rangi, kama picha za michezo ya zamani. Baio aliamini kwamba mchoro huo ulikuwa kazi mpya. Mpigapicha hakukubali. Mwaka 2010 walipatana nje ya mahakama kwa malipo ya dola 32,500, na mwaka 2011 Baio aliieleza hadharani habari hiyo, akisisitiza kwamba alilipa kwa sababu gharama za kesi zingekuwa kubwa zaidi, si kwa sababu alikubali kosa.

Sitaki kuwa hakimu. Nataka kuonyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa zikijibu swali la kiisimu: vimraba vingapi vikiondolewa, picha inakoma kuwa ileile? Mpigapicha alisema kwamba muundo umevuka, kwa hiyo kazi ni yake. Mchoraji wa vimraba alisema kwamba chombo kimebadili kila kitu, kwa hiyo kazi ni mpya. Kila mfasiri hubeba kauli hizo mbili mabegani kwa pamoja, na hana ruhusa ya kuitua mojawapo. Akiisahau ya kwanza, ataiba. Akiisahau ya pili, hatathubutu kuandika.

8.0 Kiswahili na tuhuma ya ufinyu

Mabibi na mabwana, naomba sasa turudi nyumbani kama nilivyoahidi. Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967. Katika sekondari na vyuo vikuu Kiingereza kimeendelea kushika nafasi ya kwanza, na mojawapo ya sababu zinazotolewa mara kwa mara ni ufinyu: kwamba Kiswahili hakina msamiati, hakina nyenzo, hakiwezi kubeba fizikia wala falsafa. Hoja hiyo hudai kwamba maana hupungua kwa kadiri chombo kinavyopungua.

Tuliyoyaona leo hayaungi mkono dai hilo. Sayansi ni maarifa ya uhusiano: kiasi hiki kwa kiasi kile, sababu hii kwa matokeo yale. Kwa hiyo ni katika yale yanayovuka vyema zaidi, kama yalivyovuka mapigo 7 ya Money. Istilahi ni suala la uamuzi, kama *shati* na *nesi*, na uamuzi unahitaji watu wa kuufanya na jamii ya kuupokea. Kilicho kigumu kweli kuhamisha ni sauti ya mtu mmoja aliye katika hali moja. Na hapo ugumu unazikabili lugha zote sawasawa. Kiingereza nacho hutoa jasho kinapotaka kuubeba ushairi wetu wa pwani.

Isitoshe, wazee wetu hawakungoja chombo kipanuke. Hamziya ya Kiswahili, inayohusishwa na Sayyid Aidarusi, iliifuata kasida ndefu ya Kiarabu ya al-Busiri ndani ya mizani ya Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, ikachapishwa mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Kwamba aliirudia kazi ya kwanza baada ya miaka 6 ni ushahidi kwamba aliuona utafsiri kuwa mfululizo wa maamuzi yanayoweza kuboreshwa.

Lazima nikiri, hata hivyo, kwamba mlinganisho wangu una mpaka. Muziki wa chipu huegemea kumbukumbu. Anayeisikiliza Moon8 kwa kawaida anaijua albamu ya mwaka 1973, na furaha yake hutokana na kuzisikia zote mbili kwa pamoja. Msomaji wa Juliasi Kaizari hawajibiki kukijua Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili haina kumbukumbu ya kuiazima, na inapaswa kusimama kwa miguu yake mbele ya mtu asiyeijua asili. Kwa sababu hiyo kazi ya mfasiri wetu ni nzito kuliko ya mtunzi wa chipu, na ni kosa kumpa muda mfupi na malipo haba kana kwamba anabonyeza kitufe.

9.0 Hitimisho

Nimeeleza kwamba kazi inapoingia katika chombo finyu, muundo huvuka, baadhi ya mambo huvuka kwa uamuzi wa mtu, na mengine hubaki ng'ambo. Kutokana na hayo ninapendekeza mambo mawili kwa idara zetu. La kwanza, katika kufundisha tafsiri, tumtake mwanafunzi aandike, pamoja na tafsiri yake, orodha ya yale aliyoyaacha ng'ambo na sababu za kuyaacha. Orodha hiyo itatuonyesha kama ameielewa kazi asilia. La pili, tuache kuulizana kama Kiswahili kinaweza. Swali hilo halina mwisho, na anayeliuliza mara nyingi ana kaseti tayari kabatini. Tuulize nani amepewa kazi ya kuamua istilahi za somo fulani, amepewa miaka mingapi, na maamuzi yake yatawafikia walimu kwa njia ipi. Maswali hayo yana majibu, na majibu yake yanaweza kupimwa.

Mwanamuziki wa chipu huanza kazi akijua ana mikondo 5, wala haiombi mashine impe wa sita. Nasi tuna orodha yetu ya sauti, ngeli zetu na msamiati unaokua. Vitabu vinavyosubiri kutafsiriwa ni vingi, na wanafunzi wanaovihitaji wako madarasani hivi sasa.